Mvua ya Kesho Itasimuliwa kwa Lugha Gani?

Mnamo Oktoba 2023 Wakenya waliarifiwa na Rais wao kwamba El Niño iliyokuwa ikihofiwa haingekuwapo. Kwamba zingekuja mvua nyingi, naam, lakini si za kuleta maangamizi. Kabla ya Novemba kwisha, barabara za Garissa na Mandera zilikuwa zimegeuka mito, Mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake, na hadi mwaka ulipokuwa ukifunga jamvi watu zaidi ya mia moja walikuwa wameaga dunia. Sikusudii kuyafufua mabishano ya siasa yaliyofuata. Hayo yana wenyewe. Kilichonishughulisha mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, ni safari ya sentensi moja. Sentensi hiyo iliondoka katika ofisi za wataalamu ikiwa imebeba asilimia na tahadhari, ikapita mikononi mwa wengi, na ilipofika jukwaani ilikuwa imebaki na mambo mawili tu: itakuwa, haitakuwa.

Hebu tuitazame sentensi hiyo ilivyo inapozaliwa. Kabla ya kila msimu mkuu wa mvua, wataalamu wa nchi za eneo letu hukutana katika baraza ambalo lilianza mwaka wa 1998, na ambalo sasa huandaliwa na ICPAC, kituo cha IGAD cha masuala ya hali ya anga. Humo hawasemi kwamba mvua itanyesha au haitanyesha. Hukadiria uwezekano wa hali tatu: mvua kuzidi wastani, kuwa ya wastani, au kupungua chini ya wastani. Tuseme kata fulani ya Kitui imepewa asilimia 45 ya kuzidi wastani, asilimia 35 ya wastani na asilimia 20 ya kupungua. Habari itakayomfikia mkulima ni moja: mwaka huu mvua ni nyingi. Lakini mwalimu yeyote wa hisabati atakuonyesha kwamba katika mfano huo uwezekano wa mvua kutozidi wastani ni asilimia 55. Mkulima akipanda mahindi ya muda mrefu, mvua ikakatika mapema, atasema wataalamu ni waongo, nao hawakudanganya. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua.

Lawama hii siwezi kuwatwika wanasiasa na watangazaji peke yao. Baadhi yake ni ya msamiati wenyewe tunaoutumia. Neno utabiri lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusu kazi ya kufasiri ndoto. Kubashiri kumetokana na kuleta habari njema. Kutarajia kuna tumaini ndani yake: anayetarajia kitu anakitumainia kije. Hata hivyo tunasikia redioni kwamba mafuriko yanatarajiwa Budalang'i, kana kwamba kuna mtu huko aliyeketi barazani akiyangoja kwa hamu. Maneno hubadilika maana, nami si miongoni mwa wanaodhani kwamba neno lazima liishi na kufa katika maana ya babu yake. Lakini pale ambapo mtaalamu anakusudia kukisia kwa hesabu, na msikilizaji anasikia uaguzi, hapo pana ufa ambao hakuna mashine itakayouziba.

Nimetaja mashine kwa makusudi, maana ndizo zinazozungumzwa siku hizi. Wapo wanaoziita akili mnemba, wapo wanaosema akili bandia, na wengine akili unde. Na maadamu wenye lugha hawajakubaliana, nitatumia la kwanza. Mwaka wa 2023 ulikuwa wa aina yake katika uwanja huu. Mwezi wa Julai, watafiti wa kampuni ya Huawei ya Uchina walichapisha katika jarida la Nature modeli waliyoiita Pangu-Weather. Mwezi wa Novemba, wale wa Google DeepMind wakachapisha katika jarida la Science modeli yao ya GraphCast. Modeli za zamani hukokotoa kanuni za fizikia ya hewa, unyevu na joto kwa saa kadhaa katika tarakilishi kubwa zenye gharama ambayo nchi nyingi za Afrika haziwezi kuimudu. Hizi mpya zimefundishwa kwa kumbukumbu za hali ya anga za takriban miaka 40, na baada ya kufundishwa hutoa utabiri wa siku kumi kwa muda usiozidi dakika moja. Mwezi wa Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri, ambacho ni kati ya vinavyosifika zaidi duniani, kilianza kutumia modeli ya aina hii katika kazi zake za kila siku. Nchini India, mwaka huo huo, wakulima wapatao milioni 38 walipelekewa ujumbe kuhusu kuanza kwa mvua za monsuni, uliotokana na modeli kama hizo. Nasi hatukuachwa nyuma kabisa: Chuo Kikuu cha Oxford, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na ICPAC wameshirikiana na wataalamu wa Kenya na Ethiopia kuunda utabiri wa mvua kwa njia hii, ambao waweza kuendeshwa kwa tarakilishi ya kawaida.

Hiyo ni neema, na mtu asinielewe kwamba naipuuza. Taifa lisilo na fedha za tarakilishi kubwa sasa laweza kujipimia mawingu yake lenyewe. Lakini mashine iliyofundishwa kwa yaliyopita ina mpaka wake. Watafiti kadhaa, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitoa matokeo ya jaribio lao mwaka wa 2025. Waliichukua modeli mojawapo na kuifundisha upya baada ya kuondoa katika kumbukumbu zake tufani zote kali za bahari za tropiki, wakaiachia zile hafifu tu. Kisha wakaionyesha dalili za tufani ya kiwango cha juu kabisa. Modeli ilitabiri tufani, lakini hafifu. Kile ambacho haikuwahi kukiona, haikuweza kukiwaza. Tafakari basi jambo hili kwa mizani ya kwetu. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni mbili wakafa nchini mwetu pekee. Ni kumbukumbu zipi za miaka 40 zilizokuwa na misimu mitano kama hiyo?

Isitoshe, hapa kwetu kuna kitendawili kinachowaumiza vichwa hata wenye modeli za fizikia. Tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yamekuwa yakipungua kwa jumla, ingawa miaka kama 2018 na 2024 ilileta gharika. Modeli nyingi za tabianchi, kwa upande wao, zinasema kwamba kadiri dunia inavyopata joto, masika yataongezeka. Macho yanaona hivi, hesabu inasema vile. Serikali ya kaunti inayopanga kuchimba mabwawa ya kutumika kwa miaka 30 ijayo imsadiki nani? Akisadiki macho peke yake, mpangaji atajenga bwawa la kukinga matone, na siku ya gharika litapasuka. Akisadiki hesabu peke yake, ataacha kununua mbegu za mtama na wimbi zinazovumilia kiu, na ukame utamkuta mikono mitupu.

Hapa ndipo inapoingia taaluma ya kuwaza mustakabali, ambayo watu wengi huichanganya na utabiri. Utabiri huuliza: nini kitatokea? Taaluma hii huuliza: tungefanya nini iwapo lingetokea hili, au lile, au lile la tatu? Mfaransa Pierre Wack na wenzake katika kampuni ya mafuta ya Shell walijulikana kwa njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliwazoeza wakuu wa kampuni kuishi kwa mawazo katika dunia kadhaa, ikiwamo ile ambayo bei ya mafuta ingepanda ghafla. Na mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipotokea haukuwakuta wamelala. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1991 na 1992, watu 22 wa mirengo mbalimbali walikutana mahali paitwapo Mont Fleur, karibu na Cape Town, wakachora taswira nne za nchi yao baada ya ubaguzi wa rangi. Walizipa majina ambayo hata asiyesoma angeyakumbuka. Mbuni alificha kichwa mchangani akikataa mazungumzo. Bata kilema hakuweza kuruka kwa kuwa serikali yake ya mpito ilifungwa kamba. Icarus, kijana wa ngano za Kiyunani, aliruka juu mno akitumia fedha asizokuwa nazo, mbawa zake za nta zikayeyuka kwa jua. Na heroe waliruka polepole, wote pamoja. Taswira hizo zilichapishwa gazetini, zikajadiliwa. Hata sisi tulijaribu: mwaka wa 2000 Taasisi ya Masuala ya Kiuchumi pamoja na Jumuiya ya Kimataifa ya Maendeleo zilitoa taswira za mustakabali wa Kenya, na mojawapo ya zile mbaya iliitwa El Niño. Waandishi hawakuhitaji kuieleza. Mvua za 1997 na 1998, zilizozoa madaraja na kuikata barabara ya Mombasa, zilikuwa zimekwisha kuieleza.

Nalipenda jambo hili kwa sababu ya kitaaluma pia. Kiswahili kimejaaliwa zana za kuwaza yasiyokuwapo, tena zana zilizochongwa kwa ustadi. Mvua ikinyesha, tutapanda. Mvua ingenyesha, tungepanda. Mvua ingalinyesha, tungalipanda. Mzungumzaji amebadilisha silabi moja au mbili tu, na tayari ametupeleka katika dunia tatu: moja iliyo wazi, moja iliyo mbali lakini haijafungwa, na moja ambayo mlango wake umekwisha kufungwa na imebaki majuto. (Najua kwamba siku hizi -nge- na -ngali- zinatumiwa ovyo ovyo, hata na watangazaji wanaolipwa kwa kuzungumza, hilo nitaliandikia siku nyingine.) Aidha tunayo huenda, yamkini, pengine, aghalabu, bila shaka. Tatizo ni kwamba hatujakubaliana uzito wake. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu huenda ni asilimia ngapi. Wapo walioiweka chini kabisa ya nusu, wapo walioiweka juu yake, na mmoja akauliza, si kwa mzaha, huenda ya nani.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka wa 1988, liliamua kuyapimia maneno yake ya Kiingereza mizani: neno lao la kawaida la uwezekano mkubwa lina maana ya asilimia 66 au zaidi, likiongezewa mkazo huwa 90 au zaidi, na kuna lingine la 99. Mwanasaikolojia David Budescu na wenzake waliwapima wasomaji wa nchi 24, wakachapisha matokeo mwaka wa 2014. Ikaonekana kwamba watu wa lugha mbalimbali huyasogeza maneno hayo kuelekea katikati: penye hakika kubwa wao husoma shaka, na penye uwezekano mdogo husoma mkubwa zaidi. Kama hali ni hiyo kwa lugha zilizopimiwa mizani, itakuwaje kwetu ambako taarifa huandikwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa haraka studioni saa moja kabla ya matangazo? CHAKITA hapa Kenya, BAKITA kule Tanzania, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar zingeweza kukaa pamoja na wataalamu wa hali ya anga wa nchi zetu na kukubaliana maneno matano tu, kila moja na uzito wake, yakafundishwa shuleni na kutumiwa redioni. Kazi hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Tena hatungeanzia sifuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la CARE lilianzisha Garissa mikutano ambayo baadaye ilienea katika kaunti nyingi. Kabla ya msimu, afisa wa hali ya anga huketi na wafugaji, wakulima, maafisa wa kilimo na mifugo, na wazee wanaosoma nyota, upepo, miti, au matumbo ya mbuzi. Kila upande hueleza unavyoona. Kisha hawabishani nani mkweli. Huzichukua zile hali tatu, na kwa kila moja huuliza: ikiwa hivi, hatari gani, faida gani, nani afanye nini? Mvua ikizidi, nani ahamishe mifugo kutoka bondeni? Ikipungua, nani auze mapema kabla bei haijaanguka? Magharibi, huko Bunyore, ukoo wa Nganyi unaosifika kwa elimu ya mvua umefanya kazi na wanasayansi wa ICPAC na wa idara yetu ya utabiri, na ujumbe wao wa pamoja umetangazwa redioni kwa lugha ya wenyeji. Nimewasikia wasomi wakicheka wakisikia habari za matumbo ya mbuzi. Wao hao hao huisadiki tarakilishi ambayo hawajui hata chembe ya jinsi ilivyofikia jibu lake.

Basi akili mnemba ina nafasi gani katika mikutano kama hii? Mtu huweza kuiamuru iandike taswira kumi za kaunti yake mwaka wa 2050 kabla chai haijapoa. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi hilo, kila mmoja akiombe chombo hicho kimwandikie, kwa Kiswahili, maisha ya kijiji chao katika mwaka huo. Sarufi ilikuwa safi, pengine safi kupita ya baadhi yao. Lakini vijiji vyote vilifanana. Vilikuwa ama jehanamu ya vumbi, ama pepo ya paneli za sola na droni, na hakuna mahali watu waliteta juu ya kisima, wala chifu aliyekula rushwa, wala binti aliyekataa kurudi nyumbani kutoka Nairobi. Katika insha moja kiangazi kiliwasili mwezi wa Juni na kuondoka Agosti! Mashine ilikuwa imewaza majira ya Ulaya, ikayavika kanzu ya Kiswahili. Mtoto wa Lamu anajua kwamba Juni ni kipupwe, kusi inavuma na bahari imechafuka. Na kiangazi ni cha kaskazi, mwaka ukianza. Na karibu kila kitenzi kilikuwa na -ta-. Bahari itapanda, visima vitakauka, vijana watahama. Mashine haikuiona ile -nge- ambamo binadamu ana la kuamua.

Kuna pia picha. Taasisi ya Mila ya Montreal, nchini Kanada, ilitoa mwaka wa 2021 chombo ambacho ukikipa anwani yoyote hukuonyesha mtaa huo umejaa maji, moshi wa moto wa nyika au ukungu mchafu. Wenyewe walieleza kwamba huo si utabiri. Walitaka kuigusa mioyo ya watazamaji. Na picha hizo zinagusa. Lakini maji yake hutua kimya juu ya kila mtaa, kilimani na bondeni sawasawa, kana kwamba yameshuka bila sababu. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji hayakushuka hivyo. Yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, handaki la kuyapitisha likiwa limezibwa na matope na magogo, hata yakapasua na kuwachukua makumi ya watu usingizini. Hakuna picha ya mtaa itakayokuonyesha handaki lililozibwa. Hilo huonekana na anayepita hapo kila siku akienda shambani, iwapo kuna mtu wa kumuuliza na kumsikiliza.

Mwalimu mmoja wa sekondari, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniambia kwamba haya yote ni anasa: silabasi haijakamilika, mtihani uko mlangoni, na wanafunzi wake tayari wanaitumia mashine kumwandikia insha anazolazimika kuzisahihisha hadi usiku wa manane. Simlaumu. Hata hivyo insha hizo hizo ndizo mahali pa kuanzia. Badala ya kumpa mwanafunzi methali ya ufa na ukuta, ambayo kila mtahiniwa ameikariri na kisa chake, mpe utabiri wa msimu wa kaunti yake, umwambie aandike visa vitatu vya familia moja: mvua ikizidi, ikiwa ya wastani, ikipungua. Mashine imwandikie rasimu ikibidi. Kisha aipeleke nyumbani, awasomee wazee, na alama zitolewe kwa yale aliyosahihishwa nao.

Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo bila kuambiwa. Kwao ni kando ya Mto Tana, kusini ya Garsen, na taswira aliyoandikiwa na mashine ilisema kwamba kufikia 2050 kijiji kitakuwa kimeharibiwa na mafuriko ya kila mwaka. Alimsomea nyanya yake. Bibi huyo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni mafuriko gani hayo. Yako yanayokuja polepole, akasema, yakakaa, yakaondoka na kuacha tope la kupandia mpunga na mahindi, nayo zamani yalikuja mara mbili kwa mwaka kabla mabwawa hayajajengwa huko juu. Hayo wao waliyaombea dua. Na yako yanayokuja usiku kwa kishindo, mabwawa yanapojaa na kumwaga. Akamwambia mjukuu wake arudi akaiulize mashine ilikuwa ikisema yapi. Kijana aliiuliza. Ikamwomba radhi kwa ufasaha, kisha ikamwandikia upya ukurasa mzima juu ya mafuriko, bila kuyatenga.